Mkono Uliosimama Njiani

Kocha,

Mwangaluka. Nakusalimia kwa sababu mama yangu alinilea vizuri, si kwa sababu moyo wangu unataka. Ni Jumatatu asubuhi, nimekaa juu ya gunia mlangoni mwa lile ghala la pamba ulilogeuza kuwa jimu yetu hapa Bariadi. Jicho la kushoto limevimba. Naandika kwa mkono wa kulia, na mkono huu ndio ulionifanya nikuandikie.

Tangu tukuzike kule Migato watu wamepanda, wamepalilia, na sasa wanachuma. Mkeo, Mama Nkwabi, hajambo, ila magoti yanamsumbua. Mimi nimepata kocha mwingine. Ulijua ningepata, bondia wa kulipwa hapandi ulingoni bila mtu wa kona. Anaitwa Hamza, mtu wa Tanga, mfupi, mpole, hapandishi sauti. Wewe ulikuwa ukitupigia kelele mpaka wauza mitumba wa jirani wanajua makosa yetu.

Siku ya kwanza aliniambia nipige begi tu, yeye aangalie. Siku ya pili akaja na kopo la chokaa, akazipaka glovu zangu zote mbili. Piga kushoto. Piga kulia. Kisha akanivuta nione. Alama ya kushoto ilikuwa pana kama chapati. Ya kulia ilikuwa doa dogo, kama mtu kagusa ukuta kwa kidole. Akaniuliza kwa upole wake ule, "Nani alikufundisha kuurudisha mkono kabla haujafika?"

Nikacheka, Kocha. Nikacheka kwa kiburi! Nikamwambia huo ndio ufundi wetu sisi wa Simiyu, nikamtolea maneno yako yote kama mtoto wa kipaimara mbele ya katekista. "Pamba haing'olewi, nyanda, kijana wangu, inachukuliwa. Ukiing'oa kwa hasira unabeba na majani makavu." Nikamsimulia ulivyonipeleka shambani kwako, ukanichumisha mistari miwili kwa ncha za vidole, ili mkono ujue kugusa na kurudi. Hamza akasikiliza hadi mwisho. Akasema, "Maneno mazuri. Aliyeyasema alikuwa anamwandaa nani?"

Sikuelewa. Akachukua chaki akachora nyayo zangu sakafuni. Naingia moja kwa moja, nasimama mbele ya mtu, sitoki pembeni, nazuia vizuri sana, nagusa, narudi, nasimama tena palepale. Akasema huo si mtindo wa bondia anayetaka kushinda. "Umefundishwa kuwa begi lenye miguu."

Nilimtukana. Nilivua glovu nikazitupa, nikakaa siku tatu bila kwenda. Yeye nani? Alikuwepo uliponitoa kwenye kubeba marobota? Alikuwepo mkeo aliponipa michembe ya viazi na maziwa kama mtoto wa tumboni mwake? Siku tatu nilikutetea peke yangu, hata mke wangu akaniuliza nagombana na nani.

Lakini kichwa kikishaanza kukumbuka hakina breki. Nikamkumbuka Nkwabi, mwanao. Uzito mmoja na mimi, jimu moja, miaka tisa. Mimi uliniambia, "Chukua, rudi." Yeye ulimwambia, "Pitisha! Pitisha mpaka nyuma ya kichwa!" Niliwahi kukuuliza mbona tunafundishwa tofauti. Ukanishika bega ukasema, "Nkwabi ana nguvu, wewe una akili." Haki ya Mungu nilivimba kichwa wiki nzima. Na kila siku baada ya mafunzo nilisimama mbele ya Nkwabi raundi sita, yeye anapitisha, mimi nagusa narudi.

Nikamfuata Maswa, kule Binza. Unajua aliacha ngumi, anauza spea za pikipiki. Aliponiona mlangoni aliweka chini boliti zilizokuwa mkononi, hakuniuliza hata habari za Bariadi. Nikamuuliza swali moja tu, mbona tulifundishwa tofauti. Akajibu akiangalia meza: "Baba alisema kila bingwa anahitaji ukuta. Na ukuta haupigi." Halafu akaninyanyulia macho akasema, "Nilidhani unajua, kaka."

Nilidhani unajua. Hivi nani angejua akaendelea kuja, Kocha? Mtu mzima, mwenye mke na watoto wawili, nijue kwamba nakwenda kila siku kupigwa ili mwanao anolewe, halafu niamke kesho niende tena?

Nilisimama kwenye kaburi lako, mbele ya katekista na ukoo mzima, nikasema, "Mtu huyu hakunificha kitu." Hakuna aliyeniagiza kusema. Wamama wakalia, na mimi nikalia, na koleo nikashika wa kwanza. Sasa kila nikikumbuka yale maneno masikio yanawaka moto.

Mapromota walinipenda, unakumbuka? Wakiwa na kijana wao wanamkuza wananipigia simu mimi. "Mabula mtu mzuri, hana madhara." Nilikuja kukusimulia kama sifa, nawe ukaitikia ukiangalia pembeni. Nimeshindwa kwa pointi mara nyingi, na kila mara ulinipangusa uso ukaniambia majaji wamenionea. Majaji hawakunionea. Wewe ndiye ulinionea.

Na hili ndilo siwezi kulimeza. Kumwandaa mwanao naweza kuelewa, damu ni nzito. Lakini Nkwabi aliacha ngumi, na wewe ukaishi miaka miwili mingine. Miwili! Tulikuwa wawili tu ghalani, wewe na mimi, kila asubuhi. Ungeniita ukasema, nyanda, kaa chini, mkono wako niliufunga, njoo niufungue. Ningekasirika, ningetukana, halafu ningerudi. Ulinijua. Badala yake ukaendelea kunihubiria pamba.

Nilirudi kwa Hamza nikamwomba radhi. Akanianzia kwenye kidole cha mguu. Kisigino cha nyuma kigeuke, nyonga ifuate, bega lisukume, mkono uje mwisho, na ukija usiulize ruhusa. Mwezi mzima ngumi moja tu, mpaka chokaa ya kulia nayo ikawa chapati. Miguu akaifundisha kutoka pembeni baada ya kupiga, maana mimi nilizoea kusimama kusubiri zamu ya mwenzangu, kama tuko foleni ya kisimani. Ulinzi wangu hakuugusa. Alisema aliyenifundisha kuzuia alijua kazi kweli kweli. Ah, hilo liliniuma kuliko yote. Bora angesema hujui kitu.

Jumamosi nilipigana Shinyanga. Nilikuwa nimemwambia mke wangu, nikishindwa tena naacha, narudi kwenye jembe moja kwa moja. Raundi ya tatu yule kijana alishusha mkono, kidevu kikabaki wazi kabisa. Nikatuma mkono wa kulia. Ukasimama. Kocha, ukasimama njiani! Pengo la kiganja kimoja kati ya glovu yangu na mtu, na ndani ya kichwa nikakusikia wazi: "Chukua, rudi." Akanijibu na hili jicho unaloliona.

Kwenye kona Hamza hakunigombeza. Aliushika mkono wangu wa kulia, akaunyoosha polepole mpaka mwisho, akabonyeza kiwiko.

Hapo nikakukumbuka hospitalini, siku ya mwisho. Ulikuwa huwezi kusema. Uliushika mkono wangu huuhuu, ukauvuta ukanyooka, ukabonyeza kiwiko, ukaniangalia. Ukabonyeza tena. Mimi nikadhani unataka kuinuliwa. Nikakuinua, nikakuwekea mto mgongoni, nikakunywesha uji vijiko viwili. Ukafumba macho.

Ulikuwa unaniambia, sivyo? Au ulikuwa unataka kuinuliwa kweli? Jamani Kocha, hata hilo umeniachia nilibebe peke yangu.

Raundi ya tano kidevu kikabaki wazi tena. Sikukusikia. Mkono ukaenda, ukafika, ukapita. Akaanguka, akainuka akihesabiwa saba, tukamaliza raundi zote, nikapewa ushindi wa pointi. Nilipoinuliwa mkono nililia mpaka refa akanishika kiuno. Watu wakapiga vigelegele wakidhani ni furaha. Nilikuwa nalilia miaka tisa. Mtangazaji akanisogezea kipaza sauti akauliza nani kanifundisha ngumi ile, nikamtaja Hamza. Ni mara ya kwanza jina lako halikutoka mdomoni mwangu ulingoni. Nilishuka ngazi nikijiona msaliti, mimi niliyesalitiwa! Ona ulivyonifanya.

Mama Nkwabi alinipigia jana kunipongeza. Akasema, "Kocha wako angekuwepo angefurahi." Nikamwambia, ndiyo mama, asante, wabheja. Sikumwambia kitu, wala sitamwambia. Magoti yanamtosha. Kaburi lako limeota nyasi, anasema, na Nkwabi hapati nafasi ya kuja.

Basi nakuaga, Kocha. Lala. Jumapili ijayo nakuja Migato na jembe langu, nitapalilia mpaka pasafike, nitapanga mawe pembeni. Usinisubiri na maneno mazuri ya kaburini, hayo nilishayamaliza siku ile. Sijakusamehe. Nitapalilia hivyohivyo, na mwakani nyasi zikiota nitakuja tena.

Mabula