Jinsi ya Kumuaga Mwanaisha

Kisauni,
Jumapili, baada ya alasiri

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje, na yule mbuzi wa Bibi amezaa? Sisi huku kwa Shangazi tu wazima, alhamdulillahi. Leo nina habari njema, kwa hiyo usianze kulia kabla hujafika mwisho.

Tangu umlete mdogo wangu Mwanaisha aanze shule ya viziwi, nawe ukaondoka alfajiri akiwa amelala ili asilie, kila asubuhi alikuwa akikutafuta. Chumbani, jikoni, hata nyuma ya pipa la maji. Shuleni anashika ishara upesi, nami najifunza kwa Bi Zuhura, jirani yetu kiziwi anayeshona madera. Basi juzi nikamketisha nikamwambia kwa mikono: Mama amekwenda. Mama atakuja. Akaruka, akakimbilia mlangoni! Alisimama pale akikungoja mpaka adhana ya magharibi. Nililia kuliko yeye.

Nilipomwonyesha Bi Zuhura nilivyosema, alicheka mpaka pini zikamtoka mdomoni. Akaniinua kidevu. Mama, nilikuwa nimekaa wima, macho chini, vile mlivyonifunza kukaa mbele ya watu. Kumbe kwa ishara, adabu ile ni sawa na kusema huku umejiziba mdomo. "Mikono imesema," akaniashiria, "wewe mwenyewe umenyamaza." Akanifundisha: jambo la kwanza unaliweka kushoto, na mwili unainamia huko. Unatulia kidogo. Kisha unahamia kulia, nyusi juu, unaliweka la pili. Pale unapohama ndipo ilipo "lakini".

Nikafanya mazoezi mbele ya kioo cha kabati. Shangazi akapita na sinia la mchele.

"Wee Rukia, wacheza ngoma ya nani?"

"Nasema, Shangazi."

"Haya, sema. Ila kioo changu usinivunjie."

Jana nikamwambia tena Mwanaisha. Kushoto, mbali: Mama yuko Kipini. Nikatulia. Kulia, karibu, nyusi juu: shule ikifungwa, anakuja. Hakukimbia. Alinikazia macho, akainama kushoto, akainama kulia, akairudia yote. Kisha akaongeza yake. Kushoto: dada mzuri. Kulia: uji wake mbaya! Nilipomweleza Shangazi, ilibidi aketi kwa kicheko. "Kwa utani huu, huyu sasa ni mtoto wa Baba yenu," akasema.

Leo asubuhi hakukutafuta. Alikunywa uji wangu, akaukunjia uso, akaenda zake kucheza.

Sasa Mama, nina ombi. Ukija, usiondoke tena akiwa amelala. Ngoja aamke, mtazame machoni, umuage. Nitakufundisha, ni kuinama mara mbili tu. Huenda akalia, lakini nyuma ya pipa hatakwenda.

Nisalimie Baba, Bibi na mbuzi wake, na Mjomba fundi baiskeli. Shangazi anawasalimu nyote.

Mimi mwanao,
Rukia

Mwanaisha ameweka viganja vyake hapa chini nikavichora. Anasema cha kushoto ni Kipini, na cha kulia ni siku utakayofika.