Kumi na Wawili Walitimia

Mjukuu wangu Odette,

Niko mzima. Vumbi la kiangazi limeingia kila chumba, na tangu baba yako aende Lubumbashi kikazi, ninafagia nyumba nzima kwa ajili ya mtu mmoja.

Unaniuliza msimamizi wa kambi ya vijana anafanya kazi gani, maana parokia yenu imekuchagua. Hata mimi nilichaguliwa, nikiwa msichana. Tulipiga kambi karibu na Kakontwe, nikapewa wasichana kumi na wawili. Kila mara kabla ya kula bukari niliwahesabu vichwa. Wakitimia, nilikula kwa amani.

Siku ya kurudi, mmoja wao aliniuliza mbele ya lori: «Dada, weye unajua jina yangu?»

Alipanda lori bila kuniambia. Mpaka leo silijui.

Tangu tumzike babu yako, kila mtu hapa, hata muuza makala ya kupikia, ananiita Kambo, bibi wa wote. Wananisalimia vizuri. Lakini Jumapili ukipiga simu, Odette, anza kwa kuniita Verita.