Rada ya Atupele na Vyungu vya Mama Yake

Jumatano, 6 Novemba 1996
Nimesahihisha daftari za Fizikia, Kidato cha Tatu. Mawimbi yamewashinda karibu wote. Halafu hodi. Atupele! Nilimfundisha mawimbi hayo hayo. Sasa anasoma chuo kikuu Ulaya. Yeye na wenzake wanakokota rada juu ya barafu, kusini kabisa mwa dunia. Inatuma mawimbi chini, yanarudi, nao wanasoma matabaka ya ndani mpaka kwenye mwamba. Kilomita tatu! Nilivimba kichwa kwa fahari. Ila mama yake hataki arudi huko, anahofia barafu itammeza. Bila baraka ya mama, Atu haendi. Basi lake ni Jumapili.

Alhamisi, 7 Novemba
Nimefika Ipinda na Atu kumbembeleza mama yake, mfinyanzi wa kabila la Wakisi, anauza vyungu gulioni. Nikajitia fundi wa maneno. Nikamsimulia hadi maziwa ya maji, makubwa kama Nyasa, yaliyojificha chini ya barafu. Mjinga mimi. Mumewe alizama Ziwa Nyasa na hakuonekana tena. Mama wa watu akafunika uso kwa kanga. Mdomo uliponza kichwa. Wakati wa kurudi Atu alikaa kiti cha mbali nami.

Ijumaa, 8 Novemba
Aibu. Hata wali nimewaachia kuku.

Jumamosi, 9 Novemba
Atu kaniburuta tena Ipinda. Hakueleza kitu. Alikaa karibu na mama yake, akagonga vyungu kwa kidole, kimoja kimoja, kama Wakisi wafanyavyo kabla ya kuuza. Kizima hulia. Chenye ufa huguna. Akatenga kimoja, mimi nilikiona kizima kabisa. Mama akakigonga, akatega sikio, akakubali.

"Rada ndiyo hiyo, mama. Tunagonga barafu kabla ya kukanyaga."

"Na penye ufa?"

"Tunazunguka."

Mama akakiweka kando kile chenye ufa, akasema, "Haya, nenda. Lakini ugonge kila hatua."

Miaka kumi na miwili nafundisha, sijawahi kueleza rada vizuri hivyo. Wivu kidogo. Fahari tele. Kwa Atu na mama yake, wote wawili.

Jumapili, 10 Novemba
Atu ameondoka na basi la Mbeya. Tukabaki stendi ya Kyela, mimi na mama yake. Akaniuliza kama chombo kile cha Atu kinaweza kuona chini ya ziwa letu, alikozama mumewe. Ningeweza kumdanganya. Nikasema hapana, mawimbi yale hupenya barafu, kwenye maji hufa upesi. Akajifunga kanga vizuri.

"Ndaga, Mwalimu," akanishukuru kwa lugha ya huku, akaenda kutafuta gari la Ipinda.