Chumvi Tuliyoiokota Ol Kalou

Habiba, binti wa binti yangu,

Barua hii nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe, Kiswahili cha darasa la ngumbaru, kwa hivyo usicheke herufi zangu. Cheka mwandiko wako wewe uliyesoma mpaka chuo, maana mwalimu wetu amehangaika nao asubuhi nzima.

Umesema unataka kupanda basi na tumbo hilo la miezi minane uje uzalie kwangu Garissa, eti huko Ol Kalou baridi itamuua mtoto. Wewe msichana, akili imeganda? Kaa hapo hapo!

Unakumbuka mara ya kwanza tulipofika huko pamoja? Ulikuwa na miaka saba. Tulikwenda kumwona mjomba wako, ndiyo kwanza amefungua duka. Asubuhi nikatoka nje nikaona nyasi zote nyeupe. Wallahi moyo ulinidunda! Sisi tunaswaga mbuzi siku mbili kutafuta mahali pa chumvi, na watu hawa wanaikanyaga tu! Nikavua shali nikaitandaza. "Okota, Habiba, okota kabla wenyewe hawajaamka!" Tukaokota mpaka vidole vikafa ganzi. Kufika jikoni, shali inachuruzika maji, chumvi hakuna, kumbe ni umande ulioganda. Mjomba wako alicheka mpaka akakaa chini. "Mama, umeiba baridi!"

Wewe ulikuwa unalia, vidole vinakuuma. Nikakutia mikono kwapani mwangu, ukanyamaza, ukalala umesimama kama punda. Siku hiyo niliapa sikanyagi tena nchi inayomdanganya mtu mzima.

Sasa sikia. Wewe ulizaliwa hapa katika joto ambalo hata kuku walikuwa wanatembea midomo wazi. Mama yako alikuwa hoi. Mimi ndiye niliyelowesha shuka kwa maji ya mtungi nikaitundika juu yako, ikikauka nalowesha tena, siku arobaini. Walisema hutapona. Leo una tumbo na unanibishia. Mimi niliyekupoza wewe, nitashindwa kumpasha moto mtoto wako?

Nakuja mimi! Nguo zimefungwa. Nyama ya nyirinyiri iko kwenye mkebe, imezama katika samli. Ubani na chetezo viko tayari. Mama yako ananiambia, "Hooyo, mama yangu, utaganda huko." Nimemwambia aniazime soksi. Leo nimevaa pea mbili kwenda nazo sokoni, nijizoeze. Jasho lilijaa viatuni, watu wakanicheka, wacha wacheke! Basi ni Jumatatu.

Nitakaa arobaini yote. Mwambie mumeo apasue kuni za kutosha, na dirisha la upande wa upepo alizibe kwa mkeka, si kwa gazeti. Hayo magazeti asome.

Na kukiwa na asubuhi nyeupe, pale mbele ya nyumba asikanyage mtu. Mtoto akitimiza arobaini, mimi ndiye nitakayemtoa nje, nimwonyeshe mali niliyowahi kuiba.

Kaa karibu na moto mpaka unisikie nikigombana na kondakta.

Ni mimi,
Ayeeyo, nyanya yako