Uzinduzi wa Kisima Kisicho na Pampu

Dunda, Bagamoyo

Dada yangu Mwajuma,

Shikamoo. Mguu umekuachia, au bado unakusumbua ukiinama? Mimi mdogo wako mzima, alhamdulillahi, nanenepa kwa sifa tu. Simu yako kila nikipiga haipatikani, na habari hii haienei kwenye meseji, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Dada, huku Bagamoyo haipikwi pilau ya serikali bila mimi. Mvuke wa sufuria yangu ukipanda, meli baharini zinapunguza mwendo. Basi mtaani kwetu kulichimbwa kisima. Kabla ya kufunga pampu ikaundwa kamati ya uzinduzi: maturubai, fulana zenye picha ya bomba, vikundi vya ngoma, na posho za kukaa kupanga posho.

Asubuhi ya siku yenyewe, nimeshapanga mapipa yangu ya maji ya pilau ya wageni, akanijia afisa mmoja wa mradi, jasho linamtiririka.

"Mpishi, hayo mapipa yako ya maji yamwage kwenye tangi la kisima."

"Halafu nipikie mate?"

"Mjomba, mgeni rasmi yuko njiani na bomba kavu! Pampu hatujanunua."

"Na fungu lake?"

"Si ndiyo hayo maturubai? Redioni husikii? Inaitwa nakisi, matumizi kuzidi mfuko. Hata mataifa makubwa yanayo."

"Kwetu Kilwa," nikamwambia, "anayenunua jamvi la wageni kabla ya unga anaachwa na mkewe."

Lakini nikamwaga. Mgeni rasmi akafungua bomba, maji yakatoka, vigelegele! Jirani yangu Bi Tatu, ambaye miaka yote ananunua maji ya mkokoteni, akawa wa kwanza na ndoo. Nyuma yake mtaa mzima, na mabeseni ya kufulia. Mgeni akafurahi: "Waacheni wateke!" Wakateka mpaka bomba likakohoa, likanyamaza.

"Haidhuru," akasema mgeni, "twendeni tukale."

Wote wakanigeukia. Nikasimama, mwiko begani.

"Mheshimiwa, pilau umeshaifungua. Hiyo inakwenda majumbani kwa ndoo."

Bi Tatu akang'aka: "Kumbe maji ya mpishi! Na kesho je?"

Afisa akajibu kuwa wataomba fedha za uzinduzi wa pili. Wallahi! Bi Tatu akaivuta sufuria yangu, akaifudikiza, akaikalia. "Hapapikwi kitu hapa mpaka nione pampu!" Nami nikatangaza kuwa siwashi moto, wala hakuna mpishi wilaya nzima atakayethubutu kuwasha. Mgeni akakuna kichwa, kisha akaamuru: safari ya pili hakuna ngoma, hakuna turubai, fedha yote pampu.

Pampu imefungwa wiki hii. Maji yanatoka, yana chumvi kidogo, lakini wa mkokoteni hapiti tena kwa Bi Tatu. Kwenye uzinduzi wa pili nimepika pilau juani, na chumvi sikununua hata chembe. Kwa hiyo ukisikia nakisi ya taifa imepungua, waambie majirani ni mdogo wako.

Nisalimie shemeji fundi cherehani, shangazi wa vitumbua, na mpwa wangu Saidi, asiache madrasa.

Ndimi nduguyo, mpishi asiye na mpinzani pwani yote,

Mshamu