Aliyekohoa Mlangoni

Baba Faki,

Uji wako uko jikoni, nimeufunika kwa kawa. Jiko la primasi usiliguse. ~~Usimfungulie mtu yeyote.~~

Asubuhi uliponiuliza nani abishaye hodi, nikakwambia muuza maziwa. Nilikudanganya. Alikuwa dadako Mwanatabu, katoka Mtongwe kwa miguu kuja kukujulia hali, na kikohozi kimemshika. Nikamwambia umelala. Na sauti yako aliisikia, wallahi aliisikia. Akaniachia mkate wa sinia mikononi, akaondoka.

Si ukorofi. Daktari alinambia ile miale waliyokupiga Nairobi, kwa hiyo saratani ya njia ya haja kubwa, imepunguza na askari wa damu yako, wale wanaopigana na maradhi. Kikohozi cha mtu, kwako chaweza kuwa maradhi makubwa. Lakini kila siku wamuulizia yeye, na mimi nimemrudisha mlangoni kama mwombaji.

Nakwenda kumwomba radhi, nimlete. Mlango usifungue, fungua dirisha. Atakaa mwisho wa baraza, mzungumze. Mkono usimpe, hata akilia.

Ukisikia mtu akohoa huko nje, huyo ndiye muuza maziwa wangu.

Mkeo,
Mama Faki