Kitabu Chenye Kikaratasi Hakiuzwi

Mwalimu wangu,

Duka liko wazi. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuniuliza kama nimelia. Nimelia, tena sana. Lakini duka liko wazi, sasa hivi ndani kuna watu saba, na hakuna hata mmoja anayenunua kitu. Ungefurahi.

Tangu tukuzike mambo yamekwenda mbio. Mdogo wako Kambale alipanda kutoka Beni, akakaa siku zote za matanga bila kutamka neno juu ya duka. Nilimwogopa. Unamjua: mizigo yake inapita mpakani Kasindi kila wiki, na nyumba yake ya Bungulu, kule Beni, imejaa katoni hadi chini ya vitanda. Duka letu la vitabu hapa Bulengera liko kando ya barabara, lina mlango mpana na sakafu kavu. Mtu kama yeye akiliangalia anaona depo, ghala la mizigo yake. Siku ya kumaliza matanga alisema mbele ya ukoo wote, "Madaftari itauzika. Lakini ile baroman, bitabu ya hadisi, nani anaisomaka mu Butembo hii?" Miaka kumi na mmoja nimezipanga nawe roman hizo, naye anauliza nani anazisoma!

Kesho yake alianza kupanga vitabu katika katoni. Hapo ndipo alipokuta vikaratasi vyako.

Mimi nilikuwa nimevizoea hata sivioni tena. Asiyeweza kununua roman anakaa kwenye benchi, anasoma, akichoka anaandika jina lake kwenye kikaratasi na kukiweka pale alipofika. Kitabu kinarudi kwenye rafu, hakiuzwi wala hakitoki nje mpaka mwenye jina amalize. Mara ngapi tumegombana kwa sheria hiyo! Mteja ana pesa mkononi, na wewe unamwambia arudi wiki ijayo, eti Mama Kyakimwa wa kabichi amebakiza kurasa thelathini. Nilikuambia hakuna duka duniani linalofanya hivyo. Ukacheka: "Kahindo, mutu hapana kumutoa ndani ya hadisi. Ile ni zambi."

Basi Kambale alifungua kitabu cha kwanza, akaona jina. Cha pili, jina. Cha tatu, majina matatu. Akaweka katoni chini taratibu. "Kahindo, bitu hii ni ya batu! Hatuwezi gawanya bitu ya batu. Benyewe bakuye babebe kwanza." Unaijua desturi: kilichowekwa kwa marehemu kinarudishwa kwa mwenyewe kabla ya kugawa urithi, la sivyo ukoo haupati usingizi. Nikaona anafikiri watu walikuachia vitabu vyao uwatunzie.

Mwalimu, nilinyamaza. Sentensi moja tu ingetosha kumweleza, na katoni zingefungwa mchana uleule. Sikuisema. Nakuungamia wewe, kwa padri bado sijaenda.

Jumapili ikatangazwa makanisani, kwetu Wakatoliki na kwa Waprotestanti pia, kwamba kila mwenye kitabu kwa marehemu Mwalimu afike Jumatano akichukue. Jumatano mvua ilianza asubuhi, ile ya baridi inayofukuza watu sokoni. Nikajiambia basi, hakuna atakayekuja, tumekwisha.

Wakaja. Mama Kyakimwa alifika na beseni la kabichi kichwani, maji yakimchuruzika hadi kwenye viatu. Muhindo wa pikipiki akaingia bila kuvua kofia yake ngumu. Sista akaja, na yule mchungaji anayesoma naye kitabu kimoja cha upelelezi. Walimu, wauguzi, mafundi cherehani. Kila mmoja alitoa pole, akapokea kitabu chake mkononi mwa Kambale, akakaa, akafungua penye kikaratasi, akaanza kusoma. Benchi lilipojaa wakakalia katoni zake. Kambale alisimama katikati akingoja waondoke. Hakuondoka mtu. Mchungaji, akingoja zamu yake ya kitabu, alikuwa anamtishia Sista kwamba atamtajia muuaji, maana yuko mbele yake kwa sura moja, na Sista ameziba masikio.

Mwishowe Kambale alimuuliza Mama Kyakimwa kwa nini asiende na kitabu kwake. Mama yule hakuinua hata macho. "Ku nyumba kila mutu ananiita. Hapa hakuna mwenye ananiita." Kambale akachukua roman moja kwenye rafu. Alisoma amesimama, kisha ameegemea ukuta, kisha nikamwona amekaa sakafuni na suruali yake nzuri.

Jioni walipokwisha kutawanyika nilijikaza nikamwambia ukweli wote. Akanitazama. "Unawaza mi ni mujinga? Kitabu moja, majina tatu! Batu tatu bataweka kitabu moja namna gani?" Nikamuuliza kwa nini basi alitangaza. "Nilitaka kuona kama batakuya," akasema. Kisha akalia, Mwalimu. Wewe uliyesema mdogo wako alizaliwa bila machozi.

Depo ameitafuta kwingine. Ukoo umekubali niendelee, na wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa yeye.

Asubuhi ya kurudi Beni alipita na begi begani, anataka kuondoka na ile roman. Nikamkatalia. Ina kikaratasi chake, ukurasa wa arobaini, na sheria uliiweka wewe, siyo mimi. Akafoka kwamba yeye ni mwenye nyumba. Nikamjibu kwamba mwenye nyumba naye asomee humuhumu. Akapanda pikipiki ananung'unika, halafu akageuka akapiga kelele kwamba atarudi baada ya wiki mbili: "Hapana mutu aguse kitabu yangu!"

Pumzika sasa. Nakuahidi nitafungua mlango huu kila asubuhi, hata siku ambazo moyo hautaki, na zipo. Kiti chako kiko nyuma ya meza kama ulivyokiacha. Sijamruhusu mtu akikalie, mimi mwenyewe nauza nimesimama. Lakini Kambale akirudi nitampa yeye, Mwalimu, unisamehe. Benchi limejaa.

Mwanafunzi wako,
Kahindo